Intaneti ya akiba kwa tawi la Mombasa: ununue ipi kwanza?

Ofisi kuu iko Nairobi, tawi liko Shimanzi, na kazi yote ya forodha inapita kwenye VPN, yaani njia ya siri juu ya intaneti inayounganisha ofisi hizi mbili. Faiba ikikatika, kazi imelala. Muuzaji wa kwanza kukupigia simu atakuuzia faiba ya pili. Kabla hujalipa, toka nje utazame nguzo. Ikiwa kebo za kampuni zote mbili zimening'inia kwenye nguzo ileile ya stima, lori moja refu litaondoka nazo pamoja. Feri mbili za Likoni bado ni kivuko kimoja. Njia ya pili ni ile ya Dongo Kundu. Kwa hiyo hapa nimepanga kwa utofauti wa njia, si kwa kasi iliyoandikwa kwenye tangazo.

1. Rauta ya laini mbili, yenye nafasi ya kadi ya simu

Kwa ofisi ya watu watano hadi ishirini, anzia hapa. Faiba inabaki kuwa laini kuu, na kadi ya 4G au 5G ya kampuni nyingine inangoja. MikroTik, Teltonika na TP-Link wote wana rauta za aina hii. Modemu ya mfukoni siihesabu kuwa akiba: inataka mtu wa kuiwasha, na siku ya shida mtu huyo yuko swala ya Ijumaa.

Muulize muuzaji mambo mawili. Kwanza, rauta inajuaje kwamba faiba imekufa? Taa ya modemu inaweza kuwaka huku intaneti haipo. Unataka rauta inayopima hadi nje ya mtandao wa kampuni, kwa kupigia anwani ya intaneti iliyo nje, kama 1.1.1.1 ya Cloudflare, kisha ijihamishe yenyewe kwenye kadi ya simu.

Pili, nani anaanzisha VPN? Kadi za simu kwa kawaida hazipewi anwani ya IP ya umma, yaani namba ambayo mtu wa nje anaweza kuifikia. Wateja wengi hugawana moja, kwa hiyo Nairobi haiwezi kulifikia tawi. Tawi ndilo lazima liite. WireGuard, aina mojawapo ya VPN, hulimudu hili vizuri, kwa kuwa anwani ya tawi ikibadilika, upande wa pili huifuata. Weka PersistentKeepalive (ishara fupi inayotumwa kila mara) ya sekunde 25 ili njia isifungwe. IPsec ya IKEv2, aina nyingine ya VPN, nayo inafaa, ikipita milango (port) ya UDP 500 na 4500. Anwani ya IP ya kudumu basi inunuliwe kwa ofisi kuu; kwa tawi ni kutupa pesa.

2. Starlink

Hii ni intaneti ya setilaiti. Iko Kenya tangu Julai 2023, na haina haja na nguzo wala mnara wa simu. Nyali au Mtwapa, penye paa wazi, ningeifikiria mapema. Mji wa Kale ni mambo mengine: majumba yamebanana, na mwenye nyumba lazima akubali. Vipachiko viwe vya chuma kisichoshika kutu, maana chumvi ya bahari haina huruma. Mipango ya kawaida nayo hugawana anwani za IP, kwa hiyo kanuni ya tawi kuita haibadiliki.

3. Redio ya paani

Hii ni antena inayopokea intaneti kutoka mnara wa kampuni. Inafaa mkiuona mnara huo bila jengo katikati. Uliza tu mnara unalishwa na kebo ipi.

4. Faiba ya pili

Nimeiweka mwisho, isipokuwa inaingia kwa barabara nyingine. Hapo inapanda hadi ya kwanza.

Kuna jambo jingine wengi hawaliulizi: seva ya VPN iko wapi? Kebo za baharini kama SEACOM na TEAMS zinatua hapahapa Mombasa, lakini tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika karibu na Afrika Kusini na intaneti ikayumba Kenya na Tanzania. Seva ikiwa Nairobi, na kampuni zako za intaneti zikibadilishana data humu nchini, faili za tawi hazina haja ya kuvuka bahari. Ikiwa Ulaya, laini zako mbili zitategemea bahari ileile.

Tena stima. Agosti 25, 2023 ilipotea karibu nchi nzima. Rauta na kisanduku cha faiba vinakula umeme kidogo, na UPS ndogo (betri ya akiba) itavishikilia kwa saa kadhaa. Usichomeke printa humo.

Fundi akimaliza, kabla ya kumlipa, chomoa kebo ya faiba huku mtu anafungua faili la Nairobi. Akilazimika kuingia upya kwenye VPN kwa mkono, kazi haijaisha.