Hot Bench: Majaji Watatu, Kesi Moja, na Chumba Kinachostahili Muda Wako

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo sina simu wala spika ya kuchambua mezani. Nachambua kipindi: Hot Bench, mahakama ya televisheni kutoka Marekani. Nawapa jibu mapema kwa mwenye haraka: kitazame, ila kitazame kwa ajili ya zile dakika ambazo majaji wametoka ukumbini. Mengine yote utayapata kwenye mahakama yoyote ya televisheni.

Aliyekianzisha ni Judy Sheindlin, yule yule wa kipindi cha Judge Judy, aliyekalia kiti peke yake misimu 25, kuanzia 1996 hadi 2021. Amewahi kusimulia kwamba alikuwa Ireland na mumewe Jerry, ambaye naye alikuwa jaji, wakaingia mahakamani na kukuta majaji watatu wamekaa pamoja wanasikiliza kesi moja. Wazo likaanzia hapo, na Septemba 15, 2014 Hot Bench kikaruka hewani kwa mara ya kwanza. Mimi jambo hili hunichekesha. Mama aliyejijengea jina kwa kumkatiza kila mtu ndiye aliyetuletea kipindi ambacho jaji lazima awasikilize wenzake wawili.

Kesi zenyewe ni za madai madogo. Mpangaji anadai amana yake, mwenye nyumba anasema ukuta umeharibiwa. Majirani wamegombania mbwa. Gari limeuzwa, limezimika njiani. Lakini kesi ninazozipenda kuliko zote ni za wapenzi walioachana: huyu anasema alikopesha, yule anasema alipewa zawadi. Hapo hakuna mkataba, hakuna shahidi, kuna simu tu. Jaji mmoja anataka kuona ujumbe ulioandikwa siku pesa zilipotoka. Mwingine anauliza mbona hukudai kitu mpaka mlipoachana? Wa tatu ameona kwamba mdaiwa alishalipa kidogo, na nani hulipa zawadi kwa awamu? Swali kama hilo humaliza kesi, na jaji akiwa peke yake angeweza kulipita.

Baada ya maswali wanainuka na kuingia chumba cha ndani, na kamera inaingia nao. Hiki ndicho Judge Judy hakikuwa nacho kabisa. Wanabishana. Mmoja anasema simwamini yule dada, mwenzake anamjibu humwamini kwa sababu ya anavyoongea, siyo kwa sababu ya ushahidi. Wawili wakikubaliana inatosha, hukumu imepatikana, na wa tatu anabaki na msimamo wake. Unatambua kwamba watu watatu waliosoma sheria, wenye karatasi zile zile mbele yao, wanaweza kutofautiana na hakuna mjinga kati yao.

Ndiyo maana nani amekaa pale ni jambo kubwa kwenye kipindi hiki. Jopo la kwanza lilikuwa Patricia DiMango, Tanya Acker na Larry Bakman. Mwaka 2016 Bakman akampisha Michael Corriero, na kwangu mimi hapo ndipo kipindi kilipokaa sawa. DiMango alikuwa jaji wa jinai New York, mama ambaye mwaka 2013 alipelekwa Bronx, eneo la jiji hilo hilo, kupunguza mrundikano wa kesi. Hana subira na blabla. Acker ni wakili wa madai, anasoma nyaraka mstari kwa mstari. Corriero alisikiliza kesi za vijana kwa miaka mingi huko Manhattan, New York hiyo hiyo, kwa hiyo anauliza kwa upole, na mtu akiulizwa kwa upole anajisahau na kusema ukweli.

Sasa kasoro. Ya kwanza, majaji wanauliza juu kwa juu. Mdai hajamaliza sentensi, tayari maswali matatu yanamsubiri. Kuna wakati nafikiri mtu kashindwa kesi kwa sababu tu hakupata nafasi ya kuvuta pumzi.

Ya pili ni kubwa zaidi, na kipindi hakiisemi kwa sauti: hii siyo mahakama. Ni usuluhishi. Pande mbili zinasaini makubaliano ya kupokea uamuzi, na hela ya hukumu inatoka kwa watayarishaji. Aliyeshindwa hatoi chake mfukoni. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini mtu anakubali kuaibishwa mbele ya kamera. Na utaelewa pia kisichoonyeshwa. Kwenye mahakama halisi ya madai madogo, kushinda ni nusu ya safari. Kumfuatilia mtu mpaka akulipe ndiyo nusu ngumu. Hapa jaji akitamka tu, biashara imeisha. Kwa hiyo jifunze namna ya kuhoji ushahidi, lakini usidhani umejifunza namna ya kupata pesa zako.

Mwaka 2022 DiMango na Acker waliondoka, wakaingia Rachel Juarez na Yodit Tewolde. Ni wakali wa hoja, sina ubishi, ila ule mvutano wa jopo lililotangulia niliukosa. Ukiwakumbuka walioondoka, wafuate kwenye Tribunal Justice, kilichoanza Juni 2023, tena ni mradi wa Sheindlin huyo huyo. Jaji wa tatu kule ni Adam Levy, mwanawe wa kumzaa, na askari wa mahakama ni Byrd wa Judge Judy. Familia imehama na vyombo vyake.

Ukitaka kuanza, anza na misimu ya 2016 hadi 2022. Majaji wakiinuka tu, simamisha video, toa hukumu yako, taja na kiasi, halafu endelea. Mimi hushindwa na DiMango mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nakipa 7 kwa 10. Wakirefusha kile chumba cha ndani kwa dakika mbili na kupunguza vile vipande vya "baada ya mapumziko utaona" vinavyorudia tulichokwisha kuona, naongeza moja.