Upimaji wa watoto wenye mahitaji maalumu katika halmashauri: unafaa wapi, unakwama wapi

Halmashauri nchini Tanzania hufanya kazi mbili kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu. Ya kwanza ni kumtoa nyumbani na kumwandikisha, na hiyo wanaifanya vizuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Ya pili ni kuhakikisha anajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Hapo mambo hutegemea sana bahati ya kupata mwalimu mkuu mwenye moyo. Mzazi anayefuatilia atafaidika na huduma hii, lakini akikabidhi mtoto na kuondoka atapata nusu yake tu.

Mlango wa kuingilia ni mwalimu mkuu wa shule ya karibu au Afisa Elimu Kata. Mmoja wao humfikisha mzazi kwa afisa wa elimu maalumu wa halmashauri, ambaye huandaa siku ya upimaji. Timu nzuri ina watu watatu: mwalimu wa elimu maalumu, mhudumu wa afya na afisa ustawi wa jamii. Beba kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa kama kipo, na karatasi zozote za hospitali. Kadi ya kliniki hupuuzwa mara nyingi, na ni kosa: ndiyo inayoonyesha mtoto alichelewa kukaa, kutembea au kuongea, na kama aliwahi kulazwa kwa degedege au homa ya uti wa mgongo.

Upimaji wenyewe si mgumu. Macho hupimwa kwa chati ya herufi E, kwa kawaida umbali wa mita 6, jicho moja baada ya jingine. Makosa ya kawaida ni mawili: umbali kukadiriwa kwa hatua badala ya kupimwa kwa futikamba, na mtoto kuchungulia kwa jicho lililozibwa kwa vidole. Azibe kwa kiganja au kipande cha kadibodi. Kwa masikio, kabla ya kupima usikivu, angalia kama kuna nta au usaha. Mtoto mwenye masikio yanayotoa usaha huitwa mzito wa kuelewa miaka na miaka, kumbe tatizo linatibika. Timu isiyo na mhudumu wa afya humkosa mtoto huyu kila mara, na hili ndilo jambo la kwanza tunalolitazama tukitaka kujua kama halmashauri iko makini.

Ulemavu wa akili na usonji (autism) haupimwi kwa asubuhi moja. Fomu iliyojazwa kwa dakika kumi na kufungwa kwa maneno "ulemavu wa akili" haimfai mtu. Dai mapendekezo yaandikwe kwa vitendo: anaweza kujilisha, anatambua rangi tatu, hatulii zaidi ya dakika tano, aanze na stadi zipi. Mwalimu atafundisha kutokana na hayo. Jina la ulemavu halimwambii afundishe nini Jumatatu.

Kisha mtoto hupangiwa shule: darasa la kawaida, kitengo maalumu ndani ya shule ya kawaida, au bweni. Kwa mtoto mwenye uoni hafifu au ualbino, darasa la kawaida linafaa kabisa iwapo atakaa mbele, mbali na dirisha lenye mwanga mkali, na kuruhusiwa kusogea ubaoni. Kiziwi asiye na lugha yoyote anahitaji mahali penye Lugha ya Alama ya Tanzania na watoto wenzake wanaoitumia. Kumweka peke yake kati ya wanafunzi 90 wanaosikia na kuita hiyo elimu jumuishi ni kumnyima elimu.

Majengo yamepiga hatua, ingawa njia za mteremko bado hujengwa kwa kukadiria kwa macho. Kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu; kizingiti cha sentimita 40 kinadai karibu mita 5. Zilizo fupi zaidi hupendeza kwenye picha za ufunguzi, na mtoto wa kiti mwendo bado hubebwa. Nenda pia chooni: mlango usiofika sentimita 80 hauingizi kiti.

Udhaifu mkubwa uko kwenye fedha na ufuatiliaji. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 6,000 hufika shuleni na 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Shule yenye wanafunzi 800 hupata milioni 4.8, wastani wa laki nne kwa mwezi, kwa chaki, ukarabati na kila kitu. Karatasi nene za nukta nundu (maandishi ya kupapasa ya wasioona) na matengenezo ya mashine ya Perkins ya kuyaandikia haviwezi kutoka humo, kwa hiyo mashine moja ikikwama funguo, mtoto asiyeona hubaki akisikiliza tu. Halmashauri inayotenga fungu dogo la matengenezo katika mapato yake ya ndani huonekana mara moja kwenye madaftari ya watoto.

Tatizo la walimu halitatuliwi kwa idadi peke yake. Wahitimu wa elimu maalumu, wakiwemo wa Chuo cha Ualimu Patandi, hupangwa kisha hupewa vipindi vya kawaida kwa sababu shule ina upungufu. Muulize mwalimu mkuu aonyeshe ratiba ya mwalimu huyo. Ikijaa Hisabati ya darasa la sita, kitengo hakina mwalimu.

Jambo la mwisho lina tarehe. Kabla ya Upimaji wa Darasa la Nne na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, aina ya ulemavu lazima iandikwe kwenye usajili unaotumwa Baraza la Mitihani. Taarifa hizo ndizo zinazoleta karatasi ya nukta nundu au maandishi makubwa, na nyongeza ya muda: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, kwa wasioona na wenye uoni hafifu. Shule ikisahau, siku ya mtihani msimamizi hana cha kumpa. Mzazi aombe kuona taarifa hizo kabla usajili haujafungwa.