KoboToolbox kwa kuhesabu washarika: tumeitumia miezi minne, haya ndo tuliyoyaona

Mimi ni katibu kwenye usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) pembezoni mwa Dar, upande wa Kigamboni. Naona watu wanaulizana sana kanisa litumie programu gani kupata takwimu za washarika, basi naandika tulichopitia sisi na KoboToolbox, programu ya kukusanya majibu ya maswali kwa simu, uzuri wake na ubaya wake, maana kabla ya hapo tulishaliwa hela.

Hilo la hela nalipitia haraka. Kuna jamaa walitutengenezea mfumo, tukalipa, wakaingiza majina yote kutoka kwenye kitabu, mwaka wa pili tukachelewa kulipia na mfumo ukafungwa majina yakiwa humo humo, hata nakala ya eksel hatukupewa. Siwataji. Ila toka siku ile wazee wakasema hatununui tena kitu ambacho data yetu inakaa kwa mtu mwingine.

Kobo kwa kazi ndogo kama yetu ni bure. Ilianzia Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, kwa watu wanaofanya tafiti sehemu zenye vita na majanga, na mashirika ya misaada ndo watumiaji wake wakubwa. Unafungua akaunti kwenye kompyuta, unatunga maswali kwa Kiswahili chako mwenyewe, halafu vijana wanapakua KoboCollect, ndo app yake ya kujazia fomu, kwenye simu zao za Android, wanaweka anwani ya seva, fomu inashuka kwenye simu, na kuanzia hapo hawahitaji bando mpaka wakati wa kutuma. Kwetu hiki ndo kitu kikubwa kuliko vyote kwa sababu mitaa yetu ya ndani mtandao unakuja na kuondoka. Kingine ninachokipenda, mtu akijibu hana watoto basi maswali ya watoto hayatokei kabisa, kwa hiyo kaya ya mtu mmoja inachukua dakika tatu tu.

Sasa niwaambie kwa nini tuliitaka. Takwimu zetu zote zilikuwa zinatoka kwenye bahasha za sadaka. Mwenye namba ya bahasha na anarudisha, huyo yupo, bahasha ikikaa mwaka na zaidi bila kurudi mzee wa jumuiya anaandika "amehama" na maisha yanaendelea. Yaani miaka yote tunahesabu bahasha tukidhani tunahesabu watu.

Vijana wawili wa kwaya walienda jumuiya iliyo jirani kabisa na kanisa, wanapiga hodi nyumba kwa nyumba, wakafika kwa bibi mmoja anakaa na mjukuu wa darasa la tano. Shikamoo bibi, marahaba wajukuu zangu, karibuni. Wakamsomea maswali moja moja mpaka lile la "Jumapili iliyopita ulisali wapi", akawajibu "hapa hapa kwenye kiti, spika yenu naisikia, wimbo wa kuingilia mpaka baraka." Miguu imekataa. Kwenye kitabu ameandikwa amehama! Na kutoka kwake mpaka madhabahuni sidhani kama zinafika hatua mia tatu. Muda wote huo hajashiriki Meza ya Bwana na hakuna aliyejua. Mchungaji alipoiona ile fomu kwenye kompyuta alinyamaza, Jumamosi ile ile akaenda yeye na mzee wa kanisa na vyombo vya sakramenti. Kwa hili peke yake mimi ningeilipia hii programu kama ingekuwa ya kulipia.

Lingine ni watoto. Kitabu chetu kinamfuatilia mtu vizuri akishapata kipaimara, kabla ya hapo anaandikwa siku ya ubatizo basi. Tulipoweka swali la umri wa kila mtu kwenye kaya tukakuta watoto ni wengi kupita viti vya Sunday school, na walimu wako wanne. Nikaenda kulinganisha na sensa ya 2022, ambayo NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) wameweka ripoti zake bure kwenye tovuti yao mpaka idadi ya watu kwa kata. Nchi nzima tulikuwa 61,741,120, Dar peke yake 5,383,728, na zaidi ya watu 4 kati ya 10 nchini wana umri chini ya miaka 15. Kwa hiyo wingi wa watoto si ajabu ya usharika wetu, ndo nchi ilivyo, sisi tulikuwa tumejenga kanisa la watu wazima. Na mjue sensa yetu haiulizi dini toka ile ya 1967, kwa hiyo kanisa likisubiri serikali iliambie lina waumini wangapi litasubiri sana, kazi hiyo ni ya kwetu.

Mabaya yake sasa. Menyu za app ni Kingereza kwa sehemu kubwa, mzee wa miaka 60 anapotea, tulilazimika kumpa kila mzee kijana wa kushika simu. Wenye iPhone hawana KoboCollect, wanajaza kwa linki kwenye brauza. Fomu iliyokamilika inaweza kubaki kwenye simu bila kutumwa na mtu asijue, kijana mmoja alikaa na kaya kumi na tisa wiki mbili na mimi nimeshaanza kujumlisha. Kaya kujirudia nako kupo, mwanafunzi wa bweni anaandikwa na mama yake halafu anaandikwa tena na shangazi anakoshinda likizo, hiyo programu haikuambii, unakaa mwenyewe na eksel unachambua kwa namba za simu. Na swali la GPS tulilitoa siku ya pili, ndani ya nyumba ya bati inachukua muda mrefu mno kusoma, halafu watu wakaanza kuuliza mnapima viwanja?

Kuna hili nalisema kwa uzito. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kazi toka Mei 2023 na imani ya mtu ni taarifa nyeti kisheria. Swali letu la kwanza ni ridhaa, mtu akikataa fomu inafungwa hapo hapo na anaagwa kwa heshima. Kila kijana ana akaunti yake yenye ruhusa ya kutuma tu, hawezi kufungua majibu ya wengine. Kwenye kikao ikaletwa hoja tuunganishe na kiwango cha sadaka cha kila kaya ili tujue nani wa kufuatwa, mimi nilipinga na mchungaji akapinga, na ningepinga tena leo. Mtu amekufungulia mlango akakwambia mume hana kazi na mtoto anaumwa, ukitumia hayo kumdai ahadi yake ya sadaka hutafunguliwa tena mlango ule.

Kama mko kaya chini ya hamsini msijisumbue, daftari linatosha, tembeleeni watu. Ila kwa usharika wenye mitaa na jumuiya nyingi naipa nyota nne kati ya tano. Anzeni na jumuiya moja, maswali yasizidi ishirini, na kila Jumamosi jioni mtu mmoja akague simu zote kama zimetuma.

Sisi mwezi wa kwanza tunarudi mtaa wa bondeni ambao mvua ilitukatisha, na safari hii kila kijana anaenda na mhudumu wa diakonia (huduma ya kanisa kwa wagonjwa na wenye shida), ili akikutwa mtu kama yule bibi apate kutembelewa wiki hiyo hiyo.