Matangazo ya bolingi ya kulipwa: korosho isiyokatwa

Kwa muda wa miezi mitatu sasa, kila Jumapili baada ya swala ya Magharibi, mimi na wadogo zangu wawili tumekuwa tukikaa barazani kwetu Shangani, Mtwara, kutazama kwenye simu fainali za bolingi ya kulipwa ya Marekani, ambazo huwekwa YouTube bila malipo. Mchezo wenyewe ni kuvingirisha tufe zito, lisilozidi kilo 7.26, kwenye njia laini yenye urefu wa mita 18.29 hadi kwenye pini ya mbele, na kuangusha pini kumi zilizosimamishwa mwishoni. Ninaitathmini huduma hii kama mtazamaji aliyeipenda na anayetaka kuona wachezaji wake wakilipwa vizuri zaidi.

Mpangilio wa fainali ni mzuri sana. Wachezaji watano hupangwa kama ngazi: wa tano hukutana na wa nne, mshindi hupanda kwa wa tatu, na kuendelea hivyo hadi kumfikia aliyeongoza hatua za awali, kwa hiyo hata mgeni wa mchezo hapotei njiani. Anayetaka kuanza na aanze na mashindano ya mabingwa ya mwaka 2011, ambapo Mika Koivuniemi wa Ufini alipata pointi 299 katika nusu fainali, moja tu pungufu ya alama kamili, huku mpinzani wake, Tom Daugherty, akiishia 100. Koivuniemi aliondoka na dola 250,000, na sisi tulirudia kuitazama mechi hiyo mara tatu.

Kasoro kubwa iko kwenye kitu kisichoonekana. Jumapili ya pili mdogo wangu aliniuliza, "Kaka, kama kazi ni kulipitisha tufe palepale kila mara, mbona bingwa mzima anakosa?" Sikuwa na jibu, na matangazo hayakunipa, ikanibidi nikasome. Njia hupakwa mafuta kwa vipimo maalumu. Tufe huteleza penye mafuta na kukunja kona linapofika pakavu, na kila linapopita huyahamisha mafuta hayo, hivyo mahali palipofaa dakika kumi zilizopita huenda pasifae tena. Katika kumbi za kawaida mafuta hurundikwa katikati ili kumsaidia mchezaji wa burudani, lakini wa kulipwa hupewa mpangilio usiosamehe kosa. Mtu asiyejua hayo huona watu wakirudia jambo jepesi, ilhali mbele yake mchezaji anabadilisha tufe, anasogeza miguu na kusoma njia ambayo haitulii.

Sisi wa Kusini tunalielewa jambo hili kupitia korosho. Ubora wa korosho hauonekani kwenye ganda. Sampuli hukatwa, kiini kikapimwa, ndipo mnunuzi akajua anaweka bei ya nini. Waandaaji waliwahi kuyatia mafuta rangi ya buluu ili mtazamaji ayaone, na kwa maoni yangu ingefaa iwe kanuni ya kila fainali, pamoja na mchoro unaoonyesha jinsi mafuta yanavyopungua mchezo ukiendelea. Wadhamini nao hulipia kinachoeleweka na kuzungumzwa.

Fedha zilikuwapo zamani. Chama cha wachezaji wa kulipwa, PBA, kilianzishwa mwaka 1958. Mwaka 1964 mchezaji Don Carter alipata mkataba wa matangazo wa dola milioni 1, na kuanzia 1962 hadi 1997 televisheni ya ABC ilionyesha mchezo huu. Mwaka 1975 Earl Anthony akawa mchezaji wa kwanza kuvuka zawadi za dola 100,000 katika msimu mmoja. Mashindano kadhaa makubwa ya miaka ya karibuni humpa bingwa dola hizo hizo 100,000, na kwa kuwa thamani ya dola imeshuka mno tangu wakati huo, ninaona mchezaji wa leo anapunjwa.

Pendekezo langu la pili linahusu chanzo cha zawadi. Tangu 2019 PBA imo mikononi mwa kampuni inayomiliki mamia ya kumbi za bolingi. Kiasi kidogo kikikatwa katika kila mchezo wa mteja wa kawaida, na kutangazwa wazi ukumbini kwamba kinakwenda kwenye mfuko wa zawadi (makato yasiyoelezwa huleta manung'uniko, mkulima yeyote wa huku atakwambia), mteja huyo atakuwa na sababu ya kufuatilia fainali aliyoichangia.

Ligi ya timu, hasa mechi za Portland katika jimbo la Maine, ambako mashabiki hushangilia kwa sauti kubwa badala ya kunyamaza, ndiyo iliyowafanya majirani wawili kusogeza viti vyao barazani kwetu. Jumapili ijayo tutaunganisha simu na televisheni ya mmoja wao.