Hita ya Dizeli Kwenye Kampavani: Usiku 5 Yorkshire Dales, Mwezi wa Aprili

Assalam aleikum watazamaji wangu, hamjambo? Nimeamka sasa hivi, hata chai sijanywa, ila lazima mwone hiki kitu kabla jua halijapanda. Kipimajoto hiki nimekifunga nje kwenye kioo cha pembeni. Kinasoma nyuzi 1. Nyasi zote nyeupe kwa sakitu. Haya, rudini ndani na mimi, hiki kingine kiko juu ya sinki: nyuzi 19. Na mimi nimevaa dera!

Niko Yorkshire Dales, kaskazini mwa Uingereza, na kampavani, yaani gari dogo lenye kitanda na jiko ndani, niliyoikodi usiku 5. Niliahidi uchambuzi wa gari zima, najua. Lakini friji, sinki, kiti kinachogeuka kitanda, hivyo mmeshaviona kwenye video kibao. Kilichonikosesha usingizi kwa furaha kiko chini ya kiti cha abiria, hakizidi boksi la viatu. Hita ya dizeli.

Usiku niliizima mara moja nikaiwasha tena nikiwa narekodi, ili msikie wenyewe. Sikilizeni. Hiyo ni feni, inaanza taratibu. Sasa ndani yake kuna plagi ndogo inapata moto mpaka inakuwa nyekundu, na hapo ndipo inapokula umeme wa betri kuliko wakati mwingine wowote. Kisha, sikia... tik... tik... tik. Hiyo ni pampu, iko chini ya gari, kila mlio inasukuma kidogo dizeli kutoka tangi lile lile la injini. Nimeweka mkono kwenye tundu: baridi. Bado baridi. Subiri... vuguvugu. Na sasa, jamani, sasa! Ni kama umesimama mlangoni pa bekari alfajiri wanapotoa boflo. Ikienda kwa nguvu zake zote hii inakula kama robo lita kwa saa, na chumba kikishapata joto inajipunguza yenyewe.

Ila joto ni nusu ya habari. Tazama kidole changu, nakipitisha kwenye kioo hivi. Kikavu! Mwaka jana masika kama haya nilikwenda Lake District, huku huku Uingereza, na gari lisilo na hita, tukawa tunawasha jiko la gesi ili tupate joto. Msifanye hivyo, nawaomba sana. Gesi ikiungua inatoa mvuke, mvuke unagusa bati la baridi, unageuka maji. Tuliamka dari linadondosha, foronya zimelowa, mwanangu anakohoa. Na kubwa kuliko hilo ni kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu, inamchukua mtu usingizini. Hita hii moto wake umefungiwa peke yake: hewa ya kuunguzia inavutwa kutoka chini ya gari, moshi unatokea huko huko chini kwa ekzosi yake. Hewa ya chumbani inapita tu juu ya chuma cha moto na kurudi kwako. Hata hivyo king'ora cha sumu hiyo kile pale ukutani, na siku ya kwanza nilikibonyeza nikahakikisha kinalia kabla sijalala.

Kuhusu jiko, siku ya pili liligoma kabisa. Gari lilikuwa na jiko dogo la mkononi lenye kopo la gesi ya butani, na butani ikifika sifuri haigeuki gesi, inabaki maji maji humo koponi. Gesi ya propani inavumilia baridi kali kuliko ya Uingereza yote. Mkikodi gari mwezi wa Machi au Aprili ulizeni mtungi una gesi gani.

Sasa paa hili la kuinua. Nilikuja na maneno yangu tayari, nikasema nitawaambia msilipie paa la turubai, kwa sababu joto linatoroka humo. Usiku ni kweli, nalishusha. Lakini mchana nalinyanyua na nasali nimesimama wima, sijainama kama nimo ndani ya teksi. Kwa hiyo nimebadili kauli, paa libaki.

Mtaniuliza kuhusu California, kampavani ya Volkswagen. Gari zuri, na thamani yake haishuki haraka. Bei yake ndiyo inanifunga mdomo. Na yale magari makubwa yenye choo na bafu? Jana nimepanda Buttertubs, ile barabara ya mlimani kutoka mji wa Hawes kwenda bonde la Swaledale. Kushoto bonde, kulia kilima, na ukikutana na gari mmoja anarudi nyuma. Mimi nilipita bila shida. Mwenye gari kubwa mbele yangu alisimama pale na foleni ya watu nyuma yake, nikamwonea huruma. Angalieni na leseni zenu pia: aliyefaulu mtihani wa magari madogo kuanzia 1997 mwisho wake kwa kawaida ni kilo 3,500.

Mimi nimelipa pauni 110 kwa usiku mmoja, mbali na uwanja wa kambi. Uwanja ni lazima, kwa sababu huku kila shamba lina mwenyewe, huwezi kuegesha popote ukalala bila ruhusa. Mchana ndiyo unajiachia. Juzi nilisimama karibu na daraja la Ribblehead, matao 24 ya mawe, treni ya kwenda Carlisle inapita juu, mimi nakunywa chai ya tangawizi mlango uko wazi. Kondoo wa Swaledale, nyuso nyeusi midomo myeupe, wanaita watoto wao. Halafu nikasikia mlio naujua. Sululu, yule ndege wa mdomo mrefu uliopinda! Wa jamii ile ile ya wale wanaotembea ufukweni kwetu Tanga maji yakitoka, na huku wamekuja kutaga mayai. Nilishindwa kuendelea kurekodi, nikakaa kimya tu.

Tangazo dogo: video sasa zitatoka Ijumaa, siyo Jumapili, maana wengi wa Muscat mmeomba hivyo. Bonyeza kengele usizikose.

Haya, naizima. Kitufe hiki. Feni inaendelea, mnasikia? Inajipoza. Kamwe usikate umeme wa betri hapo, iache imalize yenyewe, dakika chache tu. Pampu imeshanyamaza... na feni nayo, imenyamaza. Nafungua mlango. Oh, baridi hiyo! Na wale wanakondoo wamefika mpaka kwenye uzio.