Sedani ya silinda sita, mwendo wa barabara kuu na giaboksi iliyokuwa ikivuja: uzoefu wangu Malindi

Gari ni sedani ya Kijerumani iliyotumika, injini ya petroli ya lita 3, silinda sita, giaboksi ya otomatiki ya gia sita. Naishi nalo Malindi, na safari zangu nyingi ni ndefu. Nitasema yote mawili, uzuri wake na lile lililonisumbua, maana wengi wanaoniuliza kulihusu hutaka kujua mbio tu.

Kwa mwendo silitilii kasoro. Ukishapita Gede, wanaokwenda Watamu wakakata kushoto, lami inaambaa na msitu wa Arabuko-Sokoke na hapo ndipo unajua umekalia nini. Mbele yako kuna lori la chumvi kutoka Gongoni. Unahakikisha kweupe, unakanyaga, giaboksi inashuka gia mbili kwa mkupuo, na lori liko nyuma yako. Ule muda mfupi unaokaa upande wa wenzako ndio faida ya nguvu nyingi kwenye barabara zetu. Daraja la Kilifi, hata kusi ikivuma, usukani hauyumbi. Nikienda Nairobi siingii Mombasa. Nakata Mavueni, napanda Kaloleni, natokea Mariakani. Kuanzia Voi hadi Mtito Andei gari linatulia, injini inanong'ona tu. Sedani nyingi za aina hii kompyuta yake hulizuia gari likifika kilomita 250 kwa saa. Sheria ya Kenya inamzuia dereva wa gari dogo kwa 100, au 110 pale barabara ilipogawanywa katikati, na 50 mijini. Nazifuata. Pale Matsangoni watoto wanavuka barabara wakitoka shule, na breki nzuri haziondoi hatari hiyo.

Matuta ni adhabu, gari liko chini mno. Mafuta linakunywa. Yanatosha hayo.

Sasa giaboksi. Mjini halikuwa likitona hata tone. Nilikuwa nikishinda nalo kati ya Casuarina na sokoni, chini pakavu. Nikirudi kutoka safari ndefu, nikizima tu, inapanda harufu ya oili iliyoungua juu ya bomba la moshi, na asubuhi kabro ina madoa. Baadaye gia ya pili ikienda ya tatu ikaanza kusita, kisha inaingia kwa kishindo. Kumbe oili ya gia ikipata moto hutanuka na huwa nyepesi, na mpira uliokauka, ambao mjini ulikuwa ukijikaza, unaachia. Gari la mbio linalovuja linahitaji kukaguliwa likiwa limetoka mwendoni, lina joto lake. Likiwa baridi litakudanganya.

Gereji ya kwanza, huko Mombasa, ililipiga jeki, ikaona difu ya nyuma, lile kasha la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu, imelowa, ikabadilisha sili za difu, yaani mipira inayozuia oili isitoke, na kuongeza oili ya gia kwa kukisia. Nililipa, na madoa yakarudi. Kazi ile siisifu hata kidogo: hakuna aliyesafisha chini kabla ya kutoa hukumu.

Fundi wa Maweni, hapa Malindi, alianza kwa maji. Aliosha tumbo lote la gari, akalikausha, akapaka poda ya mtoto kuanzia giaboksi hadi difu, kisha akaniambia twende Gede na kurudi. Tuliporudi akaingia chini na tochi. Poda ya difu ilikuwa na michirizi iliyotoka mbele, na mwanzo wake ulionekana wazi: pembeni mwa giaboksi, pale plagi kubwa ya waya inapoingia.

"Mzee wangu, difu haina kosa," akasema. "Upepo wa mwendo ndio unaoisukuma oili nyuma. Hii si ya kuongeza, hii ni ya kufungua."

Plagi ile inapita ndani ya kishikizo cha plastiki chenye mipira ya duara, na mipira hiyo hugeuka migumu kwa joto na miaka. Ni kispea kidogo, unakishika kwa vidole viwili. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, nayo ni ya plastiki, chujio limo humo humo, kwa hiyo sampu na gaskiti yake zikabadilishwa pamoja. Vispea vililetwa kwa basi kutoka Nairobi.

Nilichokipenda zaidi ni ujazaji. Giaboksi hii haina kijiti cha kupimia. Alijaza hadi oili ikamwagika kwenye tundu la kujazia, akawasha injini, akaongeza tena, akapitisha kila gia huku mguu ukiwa kwenye breki, na mashine ya kompyuta ikisoma joto la oili. Kipimo hufanywa injini ikiwaka, gari likiwa sawa bila kuinama, oili ikiwa kati ya nyuzi 30 na 50. Alifungua plagi ya tundu hilo, mchirizi ukatoka, ukapungua, ukawa matone, akafunga. Oili ikipungua, pampu inavuta hewa, klachi za ndani zinateleza na kuungua. Ikizidi inafanya povu. Ndiyo maana kule kukisia kwa kwanza kulinichukiza.

Anayetaka gari kama hili aangalie jambo hili: vitabu vingi vya magari husema oili ya gia ni ya maisha. Watengenezaji wa giaboksi hizi wenyewe hushauri ibadilishwe kila kilomita 80,000 hadi 120,000, au miaka 8. Kenya inapokea magari yaliyotumika yenye umri usiozidi miaka 8, kwa hiyo linaposhuka bandarini Mombasa huenda oili ile imeshafikisha muda wake. Muulize muuzaji ilimwagwa lini. Akikosa jibu, bei ishuke kwa gharama ya sampu, oili na kile kishikizo.

Gari linapata nyota nne kati ya tano, fundi wa Maweni tano. Gia zinaingia laini tena, nimeshaenda Nairobi na kurudi, na kabro ni kavu. Kilichobaki ni ile kava ya chini iliyopasuliwa na matuta. Natafuta ya chuma, maana sampu ya plastiki ikigongwa jiwe la barabara ya vumbi haina ulinzi mwingine.