Pikipiki gani ununue? Nimezipanga kwa umbali niliozisukuma

Mpwa wangu anataka kununua pikipiki. Pesa za chama zimemfikia zamu yake, simu yake imejaa picha za piki za kila rangi, na jioni haipiti kabla hajanipigia: "Mjomba, na hii je?" Nimemiliki saba tangu 1987. Zote zilifanya kazi moja, kupandisha ng'ombe mbegu, kwanza Vihiga na Kakamega, kisha Molo kwa miaka kadhaa, halafu nyumbani tena baada ya kustaafu, maana wakulima hawajui kwamba daktari wa ng'ombe hustaafu. Nimeona heri niandike yote mara moja.

Kazi hiyo ndiyo iliyonipa kipimo changu. Ng'ombe akionekana ameingia joto asubuhi, hupandishwa jioni. Akionekana jioni, hupandishwa asubuhi ya pili. Ukikosa saa zake, mkulima anangoja siku kama 21 nyingine, na nyasi anazokula ng'ombe siku hizo hazirudi. Sasa fikiria uko njiani, mtungi wa naitrojeni unaohifadhi mbegu umefungwa kwenye keria, simu inalia, na pikipiki imezima. Wakati huo hutajali ina mbio kiasi gani wala tangi lake linang'aa vipi. Utajiuliza jambo moja: naisukuma hadi wapi ndipo nimpate fundi anayeijua, mwenye spea yake?

Basi orodha yangu inafuata umbali huo. Ya kwanza ndiyo niliyoisukuma kidogo zaidi, au ambayo leo ungeisukuma kidogo zaidi.

1. Bajaj Boxer 150

Siizungushi. Ukiwa na pesa za piki moja tu na unaihitaji ilete chakula nyumbani, nunua Boxer 150. Sisemi ndiyo nzuri kuliko zote. Nasema simama steji yoyote kutoka Kondele hadi Kapsokwony, uinue kebo ya klachi iliyokatika, na watu watatu watakuonyesha duka. Breki shuu, cheni, sproketi, plagi, vioo, vyote vinaning'inia mlangoni kama ndizi. Kijana aliyejifunza ufundi mwaka jana tu ataifungua injini yake bila kuuliza mtu.

Injini ni ya 144.8cc, inapozwa kwa upepo. Kutoka Mamboleo kupanda mlima wa Riat ukiwa na abiria na gunia la mahindi, haikufanyi uombe. Yangu nilikuwa nayo miaka saba na niliisukuma mara mbili, zote ni pancha, na zote sikumaliza mita 300.

Ubaya wake ni ule ule wa kupendwa. Kinachouzika upesi huibika upesi, kwa hivyo weka bei ya kufuli nzito na mnyororo kwenye hesabu yako. Pia inakunywa mafuta kuliko ndogo zake. Na nyingi zinazouzwa mkononi zimekuwa za boda, jambo nitakalolirudia hapa chini kwa sababu ndipo watu huumia.

2. TVS HLX 125

Hii ndiyo ninayoendesha sasa. Kwa mtu anayetembea peke yake kama mimi, yaani bila abiria wa kila siku, ningeiweka juu ya Boxer. Kiti chake hakiniumizi mgongo, nayo hainywi mafuta sana. Niliipima mwenyewe kwa kujaza, kutembea wiki nzima kati ya Luanda, Majengo na Chavakali, kisha kujaza tena, na lita moja ikanipa kama kilomita 50. Wewe mwenye mkono mzito kwenye mafuta usitarajie hivyo.

Spea zake zinapatikana mjini bila shida. Ndani kabisa vijijini utapata za kawaida, lakini kwa kitu cha ndani ya injini utatuma mtu Kisumu au Kakamega na ungoje matatu ya jioni. Hiyo jioni moja ndiyo inayoifanya iwe ya pili.

3. Boxer 100

Ni bei nafuu, ni nyepesi na ni rahisi kuisukuma, jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Mtu wa Ahero, Awasi au Chemelil, kule kwenye tambarare, hana haja ya kulipia injini kubwa. Lakini milima ya Maragoli ni kitu kingine. Mkiwa wawili na mzigo unashuka gia ya pili, matatu nyuma inapiga honi, na abiria anaanza kukuambia angepanda ile nyingine.

Watu wa tambarare hiyo ya Kano niwaongezee moja. Udongo mweusi ukilowa hujishindilia kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Niliwahi kuanguka taratibu kabisa, kama ng'ombe anayelala, kwa sababu gurudumu la mbele lilikuwa limejifunga. Hapo injini haina kosa. Mwambie fundi aiinue madigadi ya mbele kabla ya masika, ama uwe na kijiti cha kukwangua.

4. Honda CG125, ukiipata ya kweli

Niliichukua mkononi mwaka 1999 kwa mwalimu mkuu aliyekuwa akiifuta kila Jumamosi. Honda iliitoa CG katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hubeba kila kitu na kuhudumiwa mara chache. Ndani yake hakuna cheni ya kuendesha valvu. Zinasukumwa na fimbo. Muundo huo hauna mbwembwe, unavumilia oili iliyochelewa, na fundi mwenye spana chache anaurekebisha chini ya mwembe. Nilitembea nayo miaka kumi. Niliisukuma mara nne, na mara tatu kati ya hizo nilikuwa nimesahau mafuta.

Iko namba nne kwa sababu zilizobaki ni chache na zimechoka. Lakini ielewe, kwa maana bila kuielewa hutaelewa ile ya mwisho kwenye orodha hii.

5. Yamaha AG100 na ndugu zake wa porini

Hapa moyo na kichwa vinagombana. AG100 niliinunua mnadani, mali ya mradi uliokuwa umefungwa. Ilitengenezwa kwa wakulima: keria mbele na nyuma, stendi pande zote mbili ili isianguke kwenye mteremko, na cheni imefunikwa matope yasiifikie. Mtungi wangu wa naitrojeni ulikaa nyuma kama bibi harusi. Ni injini ya mipigo miwili, ina tangi lake la oili pembeni, na oili inaungua pamoja na petroli, kwa hivyo moshi wa samawati ni kawaida yake. Mtu akikuambia moshi huo ni ugonjwa, hajui anachotazama. Tangi la oili likikauka, pistoni inashika. Langu lilikauka mara moja, kwa uzembe wangu, na tangu siku hiyo hadi nilipoiuza sikutoka nyumbani bila kulitazama.

DT za Yamaha ni za jamii hiyo hiyo, ndefu na za fujo, na maafisa wa mashambani walizipenda. Ukipewa bure, chukua. Ukiuziwa, uliza kwanza ringi za pistoni utazitoa wapi. Kama jibu linaanza na "kuna jamaa Nairobi", rudisha pesa mfukoni.

6. Honda C70

Piki yangu ya kwanza. Niliinunua 1987 kwa padri aliyehamishwa. Haina mkono wa klachi. Unakanyaga gia na yenyewe inajipanga. Ngao za miguuni zilinifikisha kwa wakulima na suruali safi, na wakati huo suruali safi ndiyo iliyokuwa cheti changu. Ukoo wake, Super Cub, ulianza 1958, na kufikia 2017 Honda ilikuwa imeunda zaidi ya milioni 100. Usinunue. Nimeiweka hapa kwa heshima tu.

Ya mwisho: piki mpya ya jina usilolijua

Mnamo 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye pikipiki ndogo, na ghafla maduka yakajaa majina mapya yaliyotoka China. Mwaka uliofuata niliuza CG yangu nikanunua mpya inayometameta. Jina lake silitaji. Duka lenyewe halipo tena.

Cha ajabu ni kwamba injini ilikuwa nakala ya ile ile CG. Fimbo zile zile, umbo lile lile. Nilijiambia: si ni kitu kimoja, na hii ni mpya? Muundo ulikuwa mmoja, chuma kilikuwa kingine. Katika miezi minane nilibadilisha klachi mara mbili, spoku za nyuma zikaanza kukatika moja moja, kisha siku ya mvua kifaa cha ndani cha gia kikavunjika chini kabisa ya Riat. Niliisukuma hadi Kiboswa. Anayeijua ile barabara ataelewa, na asiyeijua aende aitazame tu. Fundi aliniambia spea inakaribiana na ya aina nyingine lakini si yenyewe, achonge kidogo. Akachonga. Mkulima aliyekuwa akinisubiri alingoja siku zake 21.

Zipo za China zilizodumu, nimeziona. Ila uliza jina hilo lina umri gani mjini kwako, na wangapi stejini wanalo kwa mwaka wa tatu.

Na za umeme?

Mtoto wa dada yangu mwingine anaendesha ya umeme na hana mpango wa kurudi kwenye petroli. Haina oili ya kubadilisha, haina plagi, na asubuhi inaondoka kimya mpaka kuku wanashtuka. Kuna zile za kubadilisha betri kituoni na kuna zile unazoweza kuchaji nyumbani, kama Roam inayounganishwa Nairobi. Kipimo changu hakibadiliki: kituo cha karibu kiko wapi, na betri ikiisha katikati utaisukuma hadi wapi? Anayezunguka mjini ana jibu zuri. Anayepandisha ng'ombe ndani ya vijiji vya Hamisi bado afikirie.

Ukinunua mkononi

Fika alfajiri, na uiguse injini kabla ya salamu kwisha. Ikiwa ina joto, mwenyewe ameshaipasha ili isikusumbue kuwaka mbele yako. Injini baridi haidanganyi. Piga kiki mwenyewe. Moshi wa samawati usioisha kwenye injini ya mipigo minne ni oili inayoungua, ringi au sili za valvu. Mweusi ni petroli kupita kiasi, huenda ni kabureta tu. Hapo kumbuka inatoka wapi: Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, Molo karibu 2,500. Kule juu hewa ni nyembamba, na piki iliyotuniwa ziwani inahema na kutoa moshi mweusi. Yangu ilinifanyia hivyo wiki yangu ya kwanza Molo, nikadhani imekufa, kumbe ni jeti na skrubu ya kabureta.

Usiamini saa ya kilomita, kebo yake hutolewa kwa dakika moja. Tazama mpira wa kukanyagia gia na wa abiria. Ukiwa umelika mpaka chuma, hiyo imebeba watu mchana na usiku, hata kama tangi limepakwa rangi jana. Inama utafute alama za kuchomelewa kwenye keria na kwenye mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Gonga spoku kwa bisibisi: zilizokaza hulia, iliyolegea hunyamaza. Meno ya sproketi yakiwa yamepinda kama ndoano, hesabu bei ya seti nzima pamoja na cheni, si sproketi peke yake.

Kisha namba. Ya chesi imegongwa kwenye shingo ya usukani. Isome herufi kwa herufi dhidi ya logbuku. Ingia eCitizen, kwenye huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, utafute rekodi za namba ya usajili. Jina la mkopeshaji likiwa bado limo, piki hiyo ina mwenyewe mwingine, na atakuja kuichukua kwako. Usimalize kulipa kabla umiliki haujahamishwa. "Nitakutumia kesho" ni maneno niliyoyasikia na kuyaamini mara moja maishani.

Na leseni: A2 inakutosha kwa shughuli zako. Ukitaka kubeba abiria wa kulipa, ni A3.

Kesho alfajiri tunaenda Luanda, mimi na mpwa wangu, kutazama Boxer 150 ya mtu anayehamia Nakuru. Tumemwambia asiiwashe kabla hatujafika. Tukiikuta ina joto, tunakunywa chai ya pale steji na kurudi nyumbani.